Ndege ya Bukini Mezani kwa Mama Mkwe

Meza yetu ya chakula ni mali ya mama mkwe. Ni mvule mtupu, aliinunua kwa pesa zake za kuuza mahamri na mbaazi hapa hapa Chaani, na alipokuja kukaa nasi ilikuja naye kwenye mkokoteni. Kwa hiyo shemeji yangu baharia aliposhuka melini Kilindini akamletea mume wangu sanduku la ndege ya kuunga kwa mkono kutoka Ufaransa, na mume wangu akalifungua juu ya meza hiyo bila kuomba ruhusa, nilijua nyumba haitalala salama.

Sisi wa Changamwe ndege tumezizoea. Kiwanja cha Moi kiko jirani, na ndege kubwa ikishuka juu ya paa mtu hukatiza maneno yake, akangoja, kisha akaendelea palepale alipoachia. Mume wangu alikua akizihesabu kutoka uani kwao. Lakini hii ya sandukuni haikuwa ndege ya watalii. Ilikuwa Potez 63.11, ndege ya vita ya Kifaransa yenye injini mbili, iliyoruka mara ya kwanza tarehe 31 Desemba 1938. Pua yake yote ni vioo, kwa sababu iliundwa kwa upelelezi: mtazamaji hukaa mbele kule viooni, rubani juu nyuma yake, na mpiga bunduki huelekea mkiani. Ilibeba pia mabomu madogo, na Wafaransa walipobanwa waliituma kupiga pamoja na kuchungulia. Mabawa ya ndege halisi yana upana wa mita 16. Ya ndege yetu, iliyotengenezwa na kampuni ya Heller kwa kipimo cha 1 kwa 72, yalifika sentimita 22.

Siku ya kwanza iliharibika kwa sababu ya unga. Mama alikuwa ameuacha unga wa mahamri uumuke usiku kucha pembeni mwa meza, chini ya kitambaa. Mume wangu alikaa upande wa pili akisafisha vipande kwa thina, madirisha yamefungwa kwa ajili ya mbu. Asubuhi mahamri ya kwanza yalipotoka kwenye karai, nyumba nzima ilinuka gereji. Mama alionja moja, akalitema, akamwaga beseni lote kwa kuku, na kuku nao wakaligeuzia mgongo. Wateja wake wa alfajiri, vijana wa bodaboda na akina mama wanaokwenda kazini kwenye viwanda, waliondoka bila kitu. Hilo mama hakulisamehe upesi, na mimi nilimuelewa. Mtu anayeamka saa tisa usiku kwa miaka yote hiyo ana haki ya kulinda unga wake.

Tukapatana mpaka. Leso ikatandikwa katikati ya meza: upande wa dirishani wa ndege, upande wa jikoni wa chakula, thina itumike uani peke yake. Amani hiyo ingedumu, lau mama asingeuliza swali moja akichambua mchele.

"Hino ndege ni ya nani?"

"Ya Mfaransa, mama. Ndiyo waliyokuwa nayo Bukini wakati wa vita," mume wangu alijibu. Bukini ndiyo Madagaska.

Ungo ulisimama. "Bukini alikokwenda baba?"

"Huko huko."

Mama hakusema neno. Alikusanya fremu zote za plastiki, akazirudisha sandukuni, akalifunika, akaenda nalo chumbani kwake, na tukasikia ufunguo wa kabati ukizungushwa.

Baba yake mama, Mkamba aliyeletwa pwani na kazi ya reli, alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza la King's African Rifles. Hilo wote tulilijua, kwa sababu picha yake akiwa na kofia iko ukutani. Lakini habari za vita vyake zilikuwa zimebaki vijineno tu: "alipigana Bukini", "kulikuwa na baridi", "alirudi na kikohozi". Mzee alifariki kabla sijaolewa, na watoto wake hawakumhoji. Nimeona nyumba nyingi za Changamwe na Likoni zenye picha kama hiyo, na ukiuliza hupati zaidi ya vijineno vitatu. Hilo linaniuma kuliko meza.

Mume wangu hakuthubutu kudai sanduku. Ni mama yake, na kabati ni lake. Alichofanya ni kukaa naye barazani kila jioni baada ya kazi na kumsomea alichokipata. Kwamba Aprili 1942 Wajapani walipoishambulia Colombo, manowari za Waingereza zilirudi nyuma mpaka hapa Kilindini, na kiwanja cha Port Reitz, ambacho leo ndicho hiki cha Moi, kikawa kinatumiwa na ndege za jeshi la majini. Kwamba kisiwa cha Bukini kilikuwa mkononi mwa Wafaransa wa serikali ya Vichy, waliokuwa wameweka silaha chini mbele ya Hitler, na Waingereza waliogopa Wajapani wakipewa bandari ya Diego Suarez njia ya bahari kuja kwetu itafungwa. Alfajiri ya tarehe 5 Mei 1942 wakashuka huko. Ndege zao kutoka manowari zilizozibeba ziliupiga uwanja wa Arrachart na kuziharibu ndege za Wafaransa zikiwa bado chini.

"Basi baba hakuzikuta," mama alisema.

"Baba alifika baadaye. Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki, na ndani yake batalioni ya 5 ya Keya kutoka Kenya. Mwezi wa Septemba ndipo waliposhuka Majunga kwenda kuuteka mji mkuu. Na ndege za Wafaransa zilikuwa zimebaki chache sana."

"Moja yatosha kumuua mtu," mama akamjibu. Kisha akatuambia jambo ambalo hata mume wangu hakuwahi kulisikia. Baba yake aliwahi kusimulia, usiku mmoja wa homa, kwamba walisikia mngurumo wakajitupa kwenye maji ya shamba la mpunga wakakaa humo uso tu ukiwa nje, mpaka mngurumo ukapotea. Ilikuwa ndege ya nani, hakujua.

Sanduku lilirudi mezani kesho yake. Mama hakueleza, nasi hatukuuliza.

Msiba wa pili ulitoka kwa kijana wetu. Gundi maalum ya plastiki ilikuwa imekwisha, na Mombasa nzima mume wangu hakuipata. Kijana, akitaka kumfurahisha babake, alichukua supagluu kwa fundi viatu wa stejini, akagandisha kioo cha chumba cha rubani na pua nzima, akaifunika ndege kwa sufuria ili vumbi lisiingie. Mvuke wa supagluu haukupata pa kutokea. Asubuhi vioo vyote vilikuwa vyeupe. Mume wangu aliketi akaitazama ndege bila kusema kitu, na kijana akaanza kulia pale pale na sare yake ya shule.

Mama aliinua ndege, akaisogeza kwenye mwanga wa mlangoni. "Imepata mtoto wa jicho," alisema. Yeye mwenyewe alipasuliwa jicho la kulia mwaka jana, kwa hiyo alilisema kwa huruma ya mtu aliyeyapitia. "Hili si la kulilia. Nileteeni dawa ya meno."

Mume wangu aliving'oa vioo taratibu kwa ncha ya wembe. Mama akachukua kitambaa cha pamba cha kanzu kuukuu, dawa ya meno kidogo, maji kidogo, akaanza kusugua kwa duara, nje na ndani, kwa kidole kilichokanda unga tangu ujana. Ni kazi ya jioni nyingi. Ukikaza sana kioo kinapasuka, ukilegeza weupe hautoki. Na mikono yake ikiwa na kazi, mdomo wake ulifunguka. Kwamba baba yake alisema Bukini alikata miti kuliko alivyopiga bunduki, maana Wafaransa walikuwa wakirudi nyuma huku wakiangusha miti na kupanga mawe barabarani, kizuizi baada ya kizuizi, na askari wa Keya ndio walioviondoa kwa mikono. Kwamba kule juu milimani walilala kwa baridi, na wenyeji waliwapa wali. Mume wangu alikuwa na ramani, akawa anaweka kidole: Tananarive ilitekwa tarehe 23 Septemba, Fianarantsoa mwishoni mwa Oktoba. Kijana alikuwa akiandika kwenye daftari la shule. Nilikuwa nikipika huku nimeacha mlango wa jikoni wazi, na chakula kikaungua mara kwa mara, na hakuna aliyelalamika.

Tulipofika mwisho wa vita ndipo mama aliposimamisha kidole. Mume wangu alimsomea kwamba gavana Armand Annet aliweka silaha chini usiku wa manane wa kuamkia tarehe 6 Novemba, na kwamba inasimuliwa aliuvuta muda makusudi ili vita vizidi miezi sita na askari wake wapate haki za waliopigana muda huo.

"Na baba alipata nini?"

Mume wangu hakuwa na jibu. Mshahara wa askari mweusi wa Keya haukulingana na wa mzungu aliyetembea naye barabara moja, hilo linajulikana. Kilichobaki kwetu ni picha ya ukutani.

Vioo vikawa safi, si safi kabisa, lakini unaona kiti cha rubani. Ikabaki rangi. Ndege za Vichy ziliamriwa kupakwa mistari myekundu na ya manjano kwenye injini na mkiani, ili zitambulikane kwa mbali, na mume wangu alitaka mistari hiyo iwe imenyooka. Binti yetu alijitolea rangi yake ya kucha, tukaijaribu kwenye kipande cha fremu, ikaila plastiki. Hapo nikampeleka mume wangu kwa fundi anayechora matatu kule Magongo. Fundi huyo ana mkono ambao hautetemeki. Aliacha basi zima likiwa nusu, akapiga mistari ile kwa brashi nyembamba huku akipumua kwa pua tu, na akakataa malipo mpaka aelezwe ndege ni ya vita gani. Alielezwa yote. Babu yake mwenyewe, akasema, picha yake iko Mikindani.

Sanduku lile lilikuwa na kila kitu cha Mfaransa, alama zake na namba zake, na cha askari wa Keya hakikuwemo. Mama ndiye aliyelisema, na kijana ndiye aliyelitatua. Alipata ubao kwa seremala, akatandaza udongo mwekundu, akalaza vijiti vya mwarobaini kuvuka barabara, akapanga kokoto, na akachonga askari wadogo wa mti wenye mapanga mkononi. Ndege inaning'inia juu yao kwa waya. Ubao umechukua nusu ya meza, ile ya jikoni, na sisi tunakula mkekani.

Jana mama aliukagua tena, miwani puani. Mti mmoja aliutaka ulale zaidi. Kisha akamwambia mjukuu wake vizuizi ni vichache mno, baba yake alisema havikwisha, aende kwa jirani anayejenga akaombe kokoto nyingine, na apeleke beseni, si mfuko.