Simu ya Koko na Wi-Fi Isiyokuja

Nyumbani kwetu Swima, mashariki ya Kongo, simu kubwa ni ya Koko, mama mkwe wangu, ingawa yeye huigusa mara chache kuliko sisi wote. Alitumiwa na mwanawe aliyepata makao Marekani baada ya miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, kwa hiyo sheria za simu hutoka kwake. Wajukuu wanaruhusiwa kutafuta masomo na matokeo ya mpira. Shangazi wa watoto, anayenunua ndagala kwa wavuvi alfajiri na kuzipeleka Uvira, anaulizia bei. Mume wangu anafuatilia habari za barabara, maana mvua ikikata njia kati ya Uvira na Baraka, mizigo yetu huozea njiani. Usiku simu inarudi kwenye kikapu cha Koko, pamoja na Biblia na miwani.

Mkasa uliwaanzia watoto jioni, wakitafuta matokeo ya mpira. Ukurasa uligeuka mwekundu, simu ikatetemeka, na maandishi ya Kifaransa yakatangaza kwamba imejaa virusi na kwamba kadi ya SIM itaharibika baada ya dakika chache. Chini kulikuwa na kitufe cha kijani cha kupakua dawa. Kitinda mimba wangu alipiga yowe. Mume wangu aliagiza simu izimwe. Shangazi alitaka kadi itolewe kwanza, kwa sababu pesa zake za ndagala zinapitia namba ile. Koko alitoka jikoni na unga wa muhogo mikononi, akaichukua simu, akaifunga kwenye kitenge na kusema hakuna atakayeigusa mpaka binti wa ndugu yangu mkubwa arudi kutoka Uvira, anakosomea mambo ya kompyuta. Bugali na sombe vilipoa, hakuna aliyekula vizuri.

Binti alipofika, Koko alimkalisha kwanza ale. Ndipo kitenge kikafunguliwa.

"Koko, ukurasa huu ni mwongo," alisema. "Ukurasa wa intaneti hauwezi kuhesabu virusi ndani ya simu yako. Unakutisha ili ubonyeze kitufe kwa mkono wako mwenyewe."

Aliufunga, sote tukapumua. Lakini alipoingia kwenye mipangilio kutazama toleo la kivinjari, akanyamaza. Chrome ya Koko ilikuwa haijasasishwa tangu mwanawe aifungashe simu huko Marekani.

Jambo hili linaniuma mpaka leo, kwa sababu hakuna aliyezembea. Kwa kawaida duka la programu la Android huwekwa lisasishe programu pale tu linapopata Wi-Fi, ili lisimalize mega za mwenye simu. Aliyepanga hivyo alitutakia mema, lakini alimfikiria mtu mwenye Wi-Fi sebuleni. Sisi tunanunua mega kidogo kidogo, za leo na labda za kesho. Simu ya Koko ilikuwa inangoja Wi-Fi usiku na mchana, katika nyumba ambayo haijawahi kuwa nayo.

"Mimi sibonyezi kitu," Koko alisema. "Ninaangalia picha tu."

Binti alimweleza kwamba picha peke yake iliwahi kutosha. Mwezi wa Septemba 2023 tundu liligunduliwa katika libwebp, kodi inayofungua picha za aina ya WebP, ambayo vivinjari vingi huitumia. Kabla ya kufungua picha, kodi hiyo hutenga nafasi kwenye kumbukumbu ya simu. Picha iliyotengenezwa kwa hila iliweza kuifanya iandike zaidi ya nafasi iliyotengwa, na kilichozidi kikaingia kwenye kumbukumbu ya kazi nyingine, mahali ambapo mshambuliaji anaweza kupachika amri zake.

"Kama mawese kwenye bidoni," Koko alisema. "Ukimimina bila kuangalia, yanaloanisha maharagwe yaliyo chini."

Walioripoti tundu lile tarehe 6 Septemba walikuwa kikosi cha usalama cha Apple na Citizen Lab ya Chuo Kikuu cha Toronto, watu wanaofuatilia upelelezi unaofanyiwa waandishi na watetezi wa haki. Tarehe 11 Google ilitoa Chrome iliyozibwa, na siku iliyofuata Mozilla ikatoa Firefox yake. Mwaka uliofuata, mwezi wa Oktoba, mtafiti wa kampuni ya ESET aliwapelekea Mozilla tundu jingine ambalo wavamizi walikuwa wakilitumia tayari. Wahandisi waliliziba na kuliachilia sasisho ndani ya saa 25. Ninawaheshimu watu hao kwa dhati: kuchimba kosa katikati ya mamilioni ya mistari ya kodi, kulitengeneza bila kuvunja kingine, na kutuma sasisho dunia nzima kwa saa 25 ni kazi ya kujitoa.

Lakini saa hizo 25 zinaishia kwenye mtambo wao. Kutoka pale mpaka kikapu cha Koko, saa zinahesabiwa kwa pesa za mega. Tena kuna ubaya ambao sikuufikiria kabla binti hajautaja: sehemu kubwa ya kodi ya Chrome iko wazi kwa kila mtu, kwa hiyo kiraka kikitoka, mwizi naye hukisoma na kujua tundu lilikuwa wapi. Kwa sababu hiyo, tangu Agosti 2023, Google hutoa masasisho ya usalama ya Chrome kila wiki. Anayechelewa anabaki na mlango ambao sasa umeshaonyeshwa hadharani.

Basi tukaamua kusasisha, na hapo ugomvi wa kweli ukaanza. Shangazi alitoa pesa za mega, akakuta simu haina nafasi. Kitu gani kifutwe? Mume wangu alitaja nyimbo za kwaya; wanakwaya wawili walikuwa wamekaa pale pale. Watoto walitaja video ya mazishi ya babu yao, ndefu kuliko zote, na Koko akawatazama hata wakainamisha vichwa. Video ile ndiyo iliyowafikisha ndugu wa Nyarugusu kwenye kaburi wasiloweza kulifikia kwa miguu.

Kijana wa jirani alijitolea kutuokoa: angeturushia kivinjari kutoka simu yake, bure, bila mega hata moja. Furaha ikajaa nyumbani. Simu ikakataa kukiweka. Android haikubali toleo jipya likae juu ya la zamani kama saini ya kidijitali si ya mtengenezaji yule yule, na hakuna aliyejua programu ile ilipita mikono ya nani kabla ya kufika kwa kijana. Alipotaka kutafuta nyingine, yenye jina tofauti, binti alimshukuru na kuiweka simu mfukoni.

Koko ndiye aliyekata shauri. Mazishi na kwaya vikahamishiwa kwenye kadi ya memori, michezo ya watoto ikafutwa, na asubuhi tulisimama kando ya barabara kwenye mtandao mzuri mpaka sasisho likaingia lote. Sasa sehemu ya mega za kila juma ni ya kazi hiyo, na Shangazi ndiye mtunzaji.

Simu ya Shangazi mwenyewe haikuwa na bahati hiyo. Inatumia Android 7, na Chrome ya Android 7 ilikomea toleo la 119, la mwaka 2023. Hata akinunua mega za mwezi mzima, hakuna kitakachokuja. Alikasirika, na nilimwona ana haki: kioo hakijapasuka, betri inashika chaji mpaka jioni. Tulipatana aitumie kuongea na kutuma pesa kwa namba fupi, ambazo hazipiti kwenye kivinjari, na bei aziulizie kwenye simu ya Koko.

Jumapili baada ya ibada Koko alimrekodia mwanawe ujumbe wa sauti. Zamani angesema anunue simu yenye picha nzuri. Safari hii alisema: "Ukimtafutia dada yako simu, usiniambie rangi. Muulize mwenye duka itasasishwa mpaka mwaka gani, akuonyeshe palipoandikwa, ndipo utoe pesa." Mwanawe alijibu usiku kwamba swali hilo hakuwahi kuuliza hata kwa simu yake mwenyewe, na kwamba kesho angepita dukani kabla ya kazi.