Mji wa Mreno Chula: Namna ya Kumtembeza Mgeni Siku Moja na Kumrudisha Ameridhika

Kwanza mpate mgeni. Miongozo ya utalii huiruka hatua hii kwa sababu waandishi wake hutoka kwenye miji ambayo wageni huijia wenyewe. Kule Óbidos, mji wa Ureno uliozungushiwa ukuta, watu hushuka kwenye mabasi, hupanda juu ya ukuta usio na kizuizi pembeni, huuzunguka mji wakipigana picha, kisha huteremka wakanywa kileo cha cheri katika kikombe cha chokoleti, na kikombe nacho wakakitafuna. Hapa Chula, kisiwa chetu Wabajuni katika pwani ya kusini ya Somalia, mambo ni mengine. Serikali za Ulaya huwaonya raia wao wasikanyage Somalia, na hata ukifika Kismayo bado hujafika: utafute mashua, nakhodha na mafuta, upite visiwa vya Koyama, Ngumi na Chovai, huku unaisikiliza injini kila ikikohoa. Hata hivyo mgeni hakosekani. Yuko mtafiti ambaye fedha zake za utafiti zinakaribia kwisha, yuko bwana wa shirika la misaada aliyekuja kukagua tangi la maji, na yuko kijana wetu aliyekulia Uingereza ambaye bibi yake alizaliwa hapa. Wote watatu watakuuliza swali moja: mji wa Wareno uko wapi?

Usimwambie kwamba haupo. Mgeni aliyetapika njia nzima tangu Kismayo hastahili kujibiwa hivyo, na wewe hutalipwa.

Kabla hajafika, jifunze miaka mitatu uijue kwa moyo. Wa kwanza ni 1499: Vasco da Gama, akirudi kutoka India, aliupiga Mogadishu mizinga akaendelea na safari yake. Wa pili ni 1507: Tristão da Cunha aliiteka Barawa, akaipora na kuichoma, na askari wake waliwakata wanawake mikono na masikio kwa sababu bangili na vipuli vilichelewa kuvuka. Hayo si maneno ya adui zao, Wareno wenyewe ndio walioyaandika. Wa tatu ni 1587: waliivamia Faza, mji wa ndugu zetu upande wa pili wa mpaka wa leo, Kenya, wakamuua sultani na kukata minazi kwa maelfu, kana kwamba nayo ilishika panga. Sasa tandaza ramani. Barawa iko juu yetu, Faza iko chini yetu, na Chula iko katikati. Mgeni mwenye akili atauliza: na hapa katikati walifanya nini? Jibu ni neno moja, nalo ni kweli tupu: "Walipita." Liseme polepole, uso ukiuelekeza baharini, kisha unyamaze. Mgeni ataandika nusu ukurasa.

Kuhusu saa za safari, usiahidi kitu. Kaskazi ikiwa tulivu unaweza kusema safari ya siku moja na watu wasicheke. Mwezi wa sita, kusi ikiwa imekaza, siku moja huenda ikawa siku nne, na hapo umweleze mgeni kwamba tatu zilizozidi ni za bure. Angalia pia maji. Ukimfikisha wakati wa kupwa, mashua itakaa mbali na mgeni atateremka na viatu vyake vya bei kali, atembee kwenye matope na mwani hadi nchi kavu. Mwambie hivi ndivyo Wareno walivyoshuka Barawa. Kwa kweli bahari ya Barawa ilikuwa na mawimbi makali na baadhi yao walizama, lakini mgeni aliyelowa hadi magotini hapendi kusikia habari za waliozama.

Sasa ukuta. Visiwa vyetu vina mawe ya kale ya kutosha: misikiti iliyobomoka, visima, makaburi ya nguzo, kuta zilizobaki urefu wa kiuno na mbuzi juu yake. Mgeni ataupiga ukuta kwa kiganja, kama mnunuzi wa tikiti maji, kisha atatamka: "Wa Kireno huu." Mwachie dakika moja ya furaha. Kisha, kama unajiheshimu, msogeze karibu mpaka pua yake iguse chokaa. Ataona vipande vyeusi kama pilipili manga. Hayo ni makaa. Mafundi wa pwani hii walipanga magogo duara, wakapandanisha matumbawe juu yake, wakatia moto, na mawe yakaungua hadi yakawa chokaa. Makaa yaliyobaki yalichanganyika humo humo, na chokaa kikaachwa mvuani kwa miezi kabla ya kutumika. Kisha mpeleke ndani, apime chumba kwa hatua. Chembamba. Kila chumba chembamba, hata nyumba ya tajiri, kwa sababu dari ilishikwa na boriti za mkoko, na mkoko una kimo chake, haujali hadhi ya mwenye nyumba. Mwisho msimamishe mbele ya mihrabu. Iko upande wa kaskazini, kwa kuwa kutoka hapa Makka iko kaskazini. Kama ni Mreno aliyejenga, basi huyo alikuwa Mreno wa swala tano.

Kwenye kaburi la nguzo uwe mwangalifu zaidi, maana wengi watakuwa wamepitia Malindi na kuiona nguzo ya Vasco da Gama. Mgeni ataunganisha mwenyewe: nguzo na nguzo, pwani na pwani. Mwonyeshe kwamba ile ya Malindi ina msalaba juu, na kwamba makaburi ya nguzo ya pwani yetu aghalabu huwa na vishimo vya duara, mahali palipokuwa na mabakuli ya Kichina yaliyopachikwa kwenye chokaa. Atauliza mabakuli yamekwenda wapi. Hapa ndipo unapoweza kulitaja taifa lake, kwa adabu. Kisha uchunguze mifuko yake kabla hajapanda mashuani, kwa sababu kigae kidogo cha rangi ya kijani hupendeza sana mezani Ulaya.

Itafika saa mgeni atataka kusikia neno la mwenyeji wa kweli, mtu mzima mwenye mvi. Msiba huu hauepukiki. Mwandae mzee mapema, na akikataa kuandaliwa, basi utafsiri kwa hiari. Mazungumzo huwa hivi:

"Mjomba, shikamoo. Mgeni huyu auliza, ukuta huu ni wa nani?"

"Marahaba. Wangu."

"Auliza ulijengwa na nani, mjomba."

"Mimi nimeukuta. Na baba yangu aliukuta. Mwambie aondoke hapo, amemtisha mbuzi na ana mimba."

Hapo wewe geuka na useme: "Mzee anasema historia ya ukuta huu ni ndefu sana."

Nimewahi kusikia waongozaji wa miji mingine ya pwani wakitaja jina la mjenzi, mwaka wa ujenzi na ugonjwa uliomuua, papo hapo, bila haya. Siwalaumu. Ukuta ambao wenyewe hawana karatasi hupewa mpita njia yeyote aliyekuwa na mizinga na mwandishi. Zamani ulipewa Mshirazi, wakoloni wakaja wakaupa Mwarabu, na mtalii wa siku hizi anaona Mreno anapendeza zaidi kwenye picha. Mbajuni huja wa mwisho katika foleni hiyo, na akifika huulizwa kama ana kitambulisho.

Mgeni akichoka na mawe, na atachoka kabla ya adhuhuri, mpeleke kwa wavuvi. Mwanzoni ataona umempunja. Msimulie habari za chazo, samaki mwenye kifyonzeo kichwani, ambaye wavuvi wetu walimfunga uzi mkiani na kumwachia karibu na kasa. Chazo huenda akaganda kwenye gamba, mvuvi naye huvuta taratibu, na kasa mwenye uzito wa watu wawili huletwa mashuani na samaki wa urefu wa mkono. Msimulie tu, usimwonyeshe. Siku hizi kasa ana watetezi wengi kuliko Mbajuni, na mgeni wako huenda ni mmoja wao. Mtaliano mmoja, Vinigi Grottanelli, alikuja kwa Wabajuni wakati Italia ingali inasimamia Somalia, na mwaka 1955 akachapisha kitabu kinene kinachowaita wavuvi wa Bahari ya Hindi. Huyo alikuwa na bahati: hakuwa na mtu wa kumtafutia Wareno.

Kuna nyumba moja ambayo mgeni ataikimbilia mwenyewe, hata umfiche vipi. Paa halipo, mlango hakuna, mti umeota ndani ya chumba, kidaka ukutani kingali na weusi wa taa. Kamera itatoka. Atauliza kwa kunong'ona, kama yuko kanisani: "Wareno?" Mjibu kwa sauti ya kawaida: "La. 1991." Mwaka huo serikali ya Somalia ilianguka, wenye bunduki wakaja visiwani wakachukua mashua, nyavu na chochote kilichobebeka, na watu wa Chula, kama wa visiwa vingine, wakakimbilia Kenya kwa njia ya bahari: Lamu, Malindi, Mombasa, na baadaye wengine Uingereza. Gofu la mwaka 1507 lingekuwa na kibao, mwavuli na dada wa kuuza tiketi. Hili la 1991 mwenyewe bado yu hai, anauza samaki mahali, na anajua hadi leo funguo aliziweka wapi. Mgeni atashusha kamera. Wengine huipandisha tena wakidhani hawaonekani.

Kijana wetu wa Uingereza ndiye mgeni mgumu kuliko wote, kwa sababu yeye amesoma. Atakuja na ramani kwenye simu na atakusahihisha. Usikasirike. Wazee wake walipoomba hifadhi kule, maofisa wa uhamiaji waliwauliza kisiwa jirani kinaitwaje, kuna visima vingapi, kutoka hapa hadi pale ni mwendo gani, kisha sauti zao zikarekodiwa na kupelekwa kwa wataalamu wa lugha waamue kama Kibajuni chao ni cha Somalia au cha Kenya. Bibi ambaye maisha yake yote alikwenda kisima kimoja alitakiwa avijue visima kama mpima ardhi. Kwa hiyo mjukuu akikuuliza Chula ina misikiti mingapi, usidhani ni mtalii. Anafanya mtihani wa bibi yake upya. Mpe majibu yote, na bei yake ipunguze.

Ikitokea mgeni amegoma kabisa, anataka Mreno halisi mwenye ngome, mizinga na choo cha kapteni, mpeleke Mombasa. Ngome ya Yesu ilianza kujengwa 1593 na inakidhi haja zote, mradi usimwache asome vibao kwa makini. Mchora ramani wake, Giovanni Battista Cairati, alikuwa Mtaliano wa Milano. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, aliyelelewa na Wareno Goa na kubatizwa Jerónimo, aliingia humo, akamuua kapteni, akarudi kwenye dini yake na kuishika ngome. Mwaka 1696 Waomani waliizingira, na ilipoanguka Disemba 1698 walioingia walikuta ndani watu wachache wasiojiweza, maana tauni na njaa zilikwisha fanya kazi. Wareno walirudi 1728, wakafukuzwa mwaka uliofuata. Kwa hesabu ya haraka Mwarabu aliikalia karibu mara mbili ya Mreno, kisha Mwingereza akaigeuza jela kuanzia 1895 hadi 1958. Ndiyo maana nasema vibao asivisome. Atajiona amevuka bahari kuja kuona ngome ya Mreno ambayo Mreno mwenyewe hakuifaidi.

Limebaki suala la malipo. Mombasa raia wa kigeni hulipa kiingilio kikubwa kuliko mwananchi na hupewa tiketi yenye nembo. Chula hakuna tiketi, na mgeni aliyezoea miji yenye kuta huingiwa na wasiwasi asipoona karatasi. Chana ukurasa wa daftari la shule, andika kwa kalamu: "Mji wa Mreno, kiingilio, mtu mmoja," tia sahihi na tarehe. Fedha usizitie mfukoni mbele yake. Mjomba mwenye mbuzi atakuwa amesimama nyuma yako akizihesabu kwa macho, na atadai nusu, kwa hoja kwamba ukuta ni wake. Mpe bila ubishi. Katika safari nzima, yeye ndiye Mreno pekee uliyekuwa naye.