Adabu ya Kunyamaza na Hasara Zake

Katika mazungumzo ya Kijapani, msikilizaji anayenyamaza kwa heshima huhesabiwa kuwa hasikii, amenuna, au hayupo kabisa, na jambo hili mgeni hulitambua akiwa ameshaaibika. Kinachotakiwa kwake ni aizuchi, yaani viitikio vifupi kama hai, ee, un na naruhodo, ambavyo msikilizaji huvipachika ndani ya maneno ya mwenzake bila kumnyang'anya zamu. Neno hilo limetoka kwa wahunzi: tsuchi ni nyundo, na ai ni hali ya kufanya jambo kwa pamoja, kwa kuwa bwana na mwanagenzi wake walikabiliana kwenye fuawe wakifua chuma kwa kupokezana, huyu akiinua, yule akishusha.

Mhanga wa karibuni, ambaye akikumbuka bado hujifunika uso, ni mwanafunzi kutoka pwani ya Afrika Mashariki, aliyelelewa kwamba mkubwa akisema mdogo hutega sikio na kufunga mdomo. Mama mwenye nyumba wake wa Tokyo alimpigia simu kumweleza namna ya kutenganisha taka. Alianza na taka za kuchomwa, akatua baada ya kedo, yaani "lakini", akangoja, naye mwanafunzi akatulia tuli kwa adabu. "Moshi moshi?" akauliza mama, kwa neno lile la kufungulia simu, ambalo likisemwa katikati ya mazungumzo huwa na maana ya "bado upo?", kisha akarudi kwenye taka za kuchomwa. Alipofika kwenye chupa akatua tena, akakuta kimya kilekile, akarudi mwanzo. Safari ya tatu alisema polepole kama anayemliwaza mgonjwa, na hatimaye akaomba radhi kwa ubovu wa simu yake, simu ambayo haikuwa na kosa lolote.

Siri ya mfumo huu wa viitikio, ambayo inastahili kustaajabiwa, imo katika sarufi yenyewe. Msemaji hukata sentensi vipande vipande, akafunga kila kipande kwa kijineno kama ne, kara au kedo, na kila kituo ni nafasi ya nyundo ya pili. Lakini kwa kuwa kitenzi pamoja na ukanushi wake hukaa mwishoni, msikilizaji hulazimika kuitikia kabla ya kujua kama sentensi itakubali au itakataa. Ndiyo maana hai ya namna hii haimaanishi "nakubali" bali "nimesikia, endelea", ingawa hai hiyohiyo ikifuata swali huwa ni kukubali kabisa.

Mwanafunzi alilijua hilo siku ya pili, alipoitikia hai kila mama alipovuta pumzi, akajikuta ameahidi kufagia ngazi za jengo zima. Alipoharakisha na kusema hai hai, alisikika kama mtoto aliyechoka kutumwa. Naruhodo yake, yaani "kumbe ni hivyo", kwa profesa ilikuwa kama mwanafunzi kumsahihishia mwalimu. Un yake, ambayo ni ya marafiki, ilimfikia mzee wa miaka themanini.

Kinachouma zaidi ni kwamba hakuna aliyemkosoa. Kila alipoharibu aliambiwa Kijapani chake ni kizuri, sifa ambayo hupewa hata aliyetamka asante tu, na vitabu vilivyomtesa kwa minyambuliko ya vitenzi havikumwambia lini agune. Ni dhuluma kumpima mtu kwa mtihani ambao somo lake halikufundishwa, kisha kumficha alama zake.

Hata hivyo, aliyekulia penye "enhe", "ehee" na "kumbe!" za barazani hawezi kudai kwamba sanaa hii ni ngeni kwake; kosa lake lilikuwa kuiacha barazani alipokutana na mkubwa. Basi Mjapani akitua, msikilizaji asingoje: aseme hai, tena mara moja tu, baada ya kuhakikisha kwamba hakuulizwa swali.