Unga wa Mama Chini ya Sinki

Mashine ya kusaga mabaki ya chakula chini ya sinki tuliikuta na nyumba, na ilikuwa imezeeka tayari. Siku ilipoamua kufa ilianza kuvuja tumboni, chini kabisa karibu na kitufe chake chekundu. Mashine ya aina hii ikivujia hapo usihangaike nayo: mpira wa ndani umekwisha, maji yanaelekea kwenye mota, na dawa yake ni kununua mpya. Kununua hakukutushinda. Shughuli ilikuwa kuamua nani ataifunga.

Tunaishi pembezoni mwa Houston, Texas, na wakati huo mama mkwe wangu alikuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga. Mama hakuwahi kuipenda mashine hiyo. Kwake Tanga chicha ya nazi ni ya kuku, maganda ya ndizi ni ya mbuzi, na ukoko watoto wanaugombea. Cha kutupa hakijai kiganja. Leo amefika mahali ambapo watu wamefunga mota ya umeme jikoni iwasaidie kutupa chakula.

"Mkamwana, hawa hawana kuku?"

Nikamweleza kuwa chama cha wenye nyumba wa mtaa wetu hakiruhusu kuku. Alinyamaza, ila uso wake haukunyamaza.

Binti yangu Nuru, ambaye majibu yake yote yamo kwenye simu, akamsimulia bibi yake kwamba mashine hiyo aliibuni msanifu majengo mmoja wa Racine, Wisconsin, jina lake John W. Hammes, mwaka 1927. Mwaka 1938 akafungua kampuni ya kuitengeneza. Akaongeza kuwa New York waliipiga marufuku katika sehemu kubwa ya jiji mpaka mwaka 1997, kwa kuhofia mabomba yao ya maji taka. Katika yote hayo Mama alichukua la New York peke yake. "Kumbe wenye akili wapo."

Hofu yake nyingine ilikuwa visu. Watu wengi wanaamini ndani mna visu, na hamna. Mna sahani ya chuma inayozunguka kwa kasi, kwenye mota nyingi mizunguko zaidi ya 1,700 kwa dakika, na juu yake vyuma viwili vinavyorusha chakula ukutani. Ukuta una meno. Chakula kinakwaruzwa humo mpaka kiwe ujiuji, maji yanakisukuma. Kwa hiyo chicha, pamoja na maganda ya ndizi na kila chenye nyuzi, ni adui wa mashine hiyo. Nyuzi hazisagiki vizuri, zinakwenda kushikamana mbele ya safari, ndani ya bomba. Mama alipoelezwa alifurahi kupita kiasi. Chicha yake ilikuwa imepata sababu ya kisayansi ya kutokwenda huko.

Fundi bomba wa hapa ukimwita, unadaiwa kabla hajafungua mkoba. Baba Nuru akampigia mdogo wake, ambaye kabla ya kuja Marekani alikuwa akiuza spea Kariakoo, na asiyejua kusema kazi fulani siiwezi.

"Shemeji, hii ni nusu saa," aliniambia huku akivua viatu mlangoni. "Wewe tupikie tu."

Haki yao niwape: umeme waliuanza vizuri. Walizima sakiti breka, wakapima waya kwa testa kabla ya kugusa, kisha nyeusi kwa nyeusi, nyeupe kwa nyeupe, na ya ardhi kwenye skrubu ya kijani. Kuipandisha mashine mahali pake ndiko kulikomtoa mume wangu jasho. Ni kilo kadhaa za chuma, unazinyanyua juu ya uso wako ukiwa umelala chali kabatini, chupa ya sabuni ikikuchoma ubavu, na mdogo wako amekushikia tochi inayokumulika machoni.

Mambo yaliharibikia juu, si chini. Kwenye tundu la sinki inakaa kola ya chuma, na kati ya kola na sinki lazima kiwepo kitu cha kuziba. Karatasi ya maelekezo ilisema puti ya mafundi bomba. Shemeji akacheka, puti ni ya wazee, siku hizi ni silikoni. Silikoni nayo ingefanya kazi, lakini ina masharti: uso uwe safi na mkavu, na uisubiri ikauke, wakati mwingine siku nzima. Shemeji aliipaka juu ya mabaki ya puti ya zamani ambayo hakuyakwangua, na jioni ileile akafungua maji kutuonyesha. Halikudondoka hata tone. Tukala, tukamshukuru, akaenda zake.

Asubuhi sakafu ya kabati ilikuwa imevimba.

Tone lilikuwa likianguka kutoka kwenye elbo, pale maji machafu yanapotokea ubavuni mwa mashine, basi kesi ikafunguliwa dhidi ya elbo. Baba Nuru akakaza skrubu zake. Tone likaendelea. Shemeji akarudi na mpira mpya, akaubadilisha. Tone likaendelea. Wakaizungushia elbo tepu, jambo ambalo hata mimi nisiyejua spana nililitilia shaka, kwa sababu hakuna uzi wowote pale wa kuhitaji tepu. Nuru alidai bomba zima limepinda. Jirani yetu Mkongo alipita kuangalia, akasema kosa ni la waliojenga nyumba. Bakuli langu la kuoshea mchele likahamia kabatini kupokea maji, na hapo uvumilivu wangu ulikwisha.

Mama ndiye aliyewafukuza wote. Alikausha kila kitu kwa kanga kuukuu, kuanzia kola mpaka bomba la ukutani. Kisha akachota unga wa ngano na kuupaka kwa vidole juu ya mashine, pembeni, kwenye elbo na kila kiungo. Kabati zima likawa jeupe. "Zibeni tundu, jazeni sinki, halafu mkae mbali."

Tukakaa mbali. Alipoinama na tochi alituita. Elbo ilikuwa nyeupe na kavu, isipokuwa ubavu mmoja. Kutoka juu kabisa, chini ya kola, palishuka mchirizi mwembamba wa unga uliolowa. Ulikuwa umelizunguka tumbo la mashine, ukafuata ukingo wa chini, ukaishia juu ya elbo. Hapo ndipo maji yalipojikusanya na kudondoka. Muda wote ule elbo ilikuwa ikibeba dhambi za kola.

Shemeji hakubisha. Ilishushwa mashine, silikoni ikakwanguliwa, na puti ikanunuliwa. Kuisokota alikabidhiwa Mama, ambaye aliigeuza viganjani kama unga wa visheti mpaka ikawa kamba moja nene sawasawa, akaizungusha chini ya kola bila kuacha pengo. Shemeji akakaza skrubu tatu za chini kwa zamu, kidogo hapa kidogo pale, maana ukimaliza moja kabla ya nyingine kola inakaa upande. Puti ikaminyika pembezoni pande zote. Tulijaza sinki, tukaachia maji yote kwa mkupuo, tukawasha mota pia, kwa kuwa kiungo kinachostahimili maji yaliyotulia kinaweza kushindwa mashine ikitetemeka. Unga ulibaki unga.

Ijumaa tukawa na wageni, pilau, masufuria, nikawasha mashine ya kuoshea vyombo. Baada ya muda mfupi nikasikia kishindo chini ya sinki, na maji ya moto yenye sabuni yakaja mpaka sebuleni kusalimia wageni. Mpira unaotoka kwenye mashine ya vyombo huingia ubavuni mwa ile ya kusaga, na tundu lake huja kiwandani likiwa na kizibo cha plastiki cha kuvunjwa kabla ya kufunga. Shemeji hakukivunja, na klipu ya mpira hakuikaza. Maji yalikosa njia, yakajitafutia.

Usiku huohuo umeme ulizimwa, kizibo kikapigwa kwa bisibisi na nyundo, kikaangukia ndani. Kikatolewa, maana kikiachwa humo mashine ikiwashwa inakwama, na kilitolewa kwa koleo, si kwa mkono. Wageni walishika ndoo, na kusema kweli walisaidia kuliko wenyeji.

Tangu hapo kabati ni kavu. Miongoni mwa wageni wale kulikuwa na familia inayotaka kufunga mashine kama hiyo, na wakamwomba shemeji aende Jumamosi. Shemeji alikubali papo hapo, ni kazi ya nusu saa. Mama, bila kuinua macho kwenye nazi aliyokuwa akiikuna, akauliza kama kwa hao watu kuna unga au abebe wake.