Sifa za Ofisi Isiyo na Kiti

Ergonomia, yaani elimu ya kupatanisha kazi na mwili wa mfanyakazi, huagiza kwamba anayefanyia kazi nyumbani awe na kiti chenye egemeo, viwiko vikunjwe kwa pembe mraba na skrini iwe usawa wa macho. Wengi waliyasikia hayo mwaka 2020, UVIKO-19 ilipowarudisha maofisa majumbani na kuwafunulia kwamba hata huko kazi hufanyika. Wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, Tanzania, zilikwisha kulimaliza suala hilo kwa gharama nafuu. Kibanja, yaani shamba la migomba na mibuni linaloizunguka nyumba, ni ofisi iliyo hatua chache kutoka kitandani, yenye hewa safi na isiyojua kukatika kwa umeme, kwa kuwa umeme haujafika migombani. Humo jembe la mkono humwinamisha mwanamke kwa pembe ambayo hakuna fundi wa samani aliyewahi kuithubutu, na mtoto aliyebebwa mgongoni hushika nafasi ya egemeo. Kahawa ikishauzwa, mume, aliyechoshwa na kuhesabu fedha, hustahili kabisa kiti cha uvivu barazani. Mwanamke hahitaji kiti, kwa sababu hachoki, na hachoki kwa sababu hana kazi: fomu zenyewe humwandika mama wa nyumbani.