Ni Wimbo wa Nani Huu? Hesabu ya Kushuka

Uliza kwaya yoyote ya Annexe, hapa Lubumbashi, toka Kasapa hadi Luwowoshi, wimbo wao kautunga nani. Utajibiwa: "Ni wa zamani." Jamani, hata zamani ilikuwa na wenyewe! Kwa mfano, tushuke ngazi tano tuone tenzi za kale za Kiyahudi zilivyorudishiwa asili yake.

5. Usitupe karatasi. Wayahudi wa Fustat, Misri, hawakutupa andiko lenye jina la Mungu. Walilirundika katika chumba cha sinagogi la Ben Ezra. Msomi Solomon Schechter alifika mwishoni mwa 1896, akapeleka Cambridge vipande zaidi ya 190,000. Mama mwenye sanduku la risiti tangu enzi za Zaire, asikucheke mtu: wewe ni mhifadhi.

4. Zaburi ya 151. Ndiyo, 151! Waethiopia wanayo katika Biblia yao. Mwaka 1956 pango la 11 la Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, likatoa gombo lenye maandishi yake ya Kiebrania.

3. Obadia, mtoto wa Wanormani wa Oppido, Italia. Aliingia dini ya Kiyahudi mwaka 1102, akaandika tenzi kwa alama za waimbaji wa kanisani. Hakuna noti za kale zaidi za muziki wa Kiyahudi zinazojulikana. Wanakwaya, mpigieni makofi.

2. Beta Israel, Wayahudi wa Ethiopia. Mtafiti wa muziki Kay Kaufman Shelemay alizisikiliza sala zao za Kigeez, na mwaka 1986 akaonyesha kuwa nyingi zina mizizi kwa watawa Wakristo wa huko huko. Sioni hasara: jirani akikuazima chungu, mboga inabaki yako.

1. Yannai. Nivumilieni, huyu nampenda. Alitunga Palestina, yapata karne ya 6. Ngozi moja ya Fustat ilifutwa ikaandikwa tena: chini Biblia ya Kigiriki, juu tenzi za Kiebrania. Wasomi wakakimbilia ya chini, wakaichapisha 1897. Tenzi ziko juu pale, hakuna anayezijulia hali! Hadi 1919, Israel Davidson alipochapisha tenzi zile, na herufi za mwanzo wa beti zikataja jina: Yannai. Sahihi ilisubiri zaidi ya miaka elfu. Mwaka 1938 Menahem Zulay akatoa diwani nzima.

Ufundi huo wa kutia jina katika herufi za mwanzo tunao hata mjini kwetu. Wayahudi waliotoka kisiwa cha Rhodes walijenga sinagogi la Lubumbashi mwaka 1930. Katika Lekha Dodi, wimbo wa Wayahudi wa kuipokea Sabato Ijumaa jioni, beti nane za mwanzo zinaanza kwa herufi nane: Shlomo HaLevi. Ndiye Shlomo Alkabetz wa Safed, wa karne ya 16, anaitika.