Mapigo 230 kwa Dakika
Katuni yangu ikikanyaga hewa badala ya ardhi, mchezaji anacheka na kuendelea. Ngoma ikichelewa kidogo tu, anasonya na kufuta gemu kwenye simu. Macho yana huruma. Masikio hayana.

Nayasema haya kwa sababu jioni zangu zinaishia kwenye kutengeneza gemu la kugonga kioo kwa kufuata singeli. Taarabu ingenipa nafasi ya kupumua, ila wapwa wangu hawaitaki. Singeli inakimbia mapigo 200 kwa dakika na zaidi, na wimbo ninaohangaika nao una 230. Pigo moja hapo ni milisekunde 261 hivi. Kioo nacho kinachora picha 60 kwa sekunde, yaani kila picha inakula kama milisekunde 17. Haya, gawanya. Picha 15 hazifikishi pigo, 16 zinalipita.

Sasa wale wanaofundisha wanaoanza wanakwambia, bila haya: jumlisha muda wa kila picha, ukifika pigo, rudisha hesabu sifuri, anza upya. Ile ziada ya milisekunde sita inakwenda wapi? Inatupwa! Kila pigo inatupwa. Dakika moja ikiisha, alama kwenye kioo ziko nyuma ya wimbo kwa zaidi ya sekunde nzima, mapigo kama matano, na mwalimu alishaaga zamani.

Dawa ni kuiuliza sauti yenyewe imefika wapi. Inachezwa sampuli 44,100 au 48,000 kila sekunde, na hesabu ya sampuli hizo haijali kioo kimekwama au la. Unity, programu ya kuundia gemu, inayo saa hiyo, inaiita dspTime. Umefurahi? Ngoja kwanza. Sampuli zinaandaliwa kwa mikupuo, tuseme 1,024 kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo saa inaruka milisekunde 21 hivi kila mara. Ukiuliza katikati unapewa jibu lile lile la mwanzo, kama karani wa dirishani anayekwambia faili lako linashughulikiwa. Basi unairudia ile ile hesabu ya muda wa picha uliyoifukuza, unaibembeleza ijaze mapengo.

MP3 nayo inabandika ukimya mfupi mwanzoni mwa faili. Nani aliuomba? Wimbo ukijirudia unasikika kama umeshikwa na kwikwi. Nimehamia Ogg, sirudi.

Yote hayo yakishakaa sawa, anakuja mpwa wangu na hedifoni za Bluetooth. Hizo zinaweza kuchelewesha sauti milisekunde 200. Kwenye wimbo huu, hiyo ni zaidi ya robo tatu ya pigo. Anagonga, anakosa, anagonga, anakosa.

“Mjomba, gemu lako bovu.”

Gemu lina ukurasa wa kupimia kabisa: unagonga kwa kufuata mlio, programu inajua sauti yako inachelewa kiasi gani, inafidia. Ameuruka. Wote wanauruka! Wanauona kama masharti ya mkopo.

Kwa hiyo, msomaji, gemu likikufikia, chomeka hedifoni za waya, au kaa kwenye ukurasa ule nusu dakika ugonge kama ulivyoelekezwa. Ukikosa pigo baada ya hapo, hilo ni lako, usiniletee.